Kabla hujatoa hela ya Vespa ya zamani: mambo ya kuzingatia

Ukishasema tu kwamba unatafuta Vespa ya zamani, ya Italia, simu yako haitanyamaza. Mabroka wa Kampala watakutumia picha, mtu wa Mbale ambaye hamjawahi kuonana atakutumia picha, na zote zitakuwa zinang'aa, zote "orijino kabisa bosi", zote zilikuwa za mwalimu mstaafu aliyekuwa anaendea kanisani tu. Sasa kabla hujapanda teksi kwenda kuiona soma haya kwanza, na usiruke.

Nenda mchana. Nenda na fundi wako, sio fundi atakayeletwa na muuzaji. Hela iache nyumbani. Beba tochi, sumaku ndogo, wembe, kitambaa na tina kidogo (thinner ya kuyeyusha rangi), penseli na karatasi nyepesi, na spana ya kufungulia vifuniko. Ukienda na macho peke yake umeenda kuangalia rangi, na rangi ndio kitu rahisi kuliko vyote kwenye pikipiki.

Ujue pia unachokitafuta ni nini. Vespa ilianza 1946 kwa Piaggio pale Pontedera, lakini sio kila yenye umbo la Vespa ilitoka Italia. Waingereza walikuwa wanazitengeneza Bristol kwenye kiwanda cha Douglas, Wafaransa walikuwa na zao, Wahispania pia, na India Bajaj walianza kuziunda kwa leseni miaka ya 60, leseni ikaisha 1971 wakaendelea na za kwao, ndio hizo Chetak wazee wetu wanazijua. Baadaye LML nao wakaingia, India hukohuko. Hakuna ubaya wowote hapo. Bajaj ya zamani iliyotunzwa ni pikipiki nzuri na mimi naiheshimu, tena spea zake hazisumbui. Ubaya ni kuuziwa Bajaj kwa bei ya Italia, na ubaya zaidi ni kuuziwa Bajaj iliyovalishwa namba ya Italia, hapo ndio watu wanalia.

Kwa hiyo anza na herufi. Fungua vifuniko vyote viwili vya pembeni, tafuta namba iliyogongwa kwenye bodi yenyewe upande wa nyuma. Vespa ya Italia ya miaka hiyo namba inaanza na kikundi cha herufi kinachotaja modeli. VBC1T ni Super 150. VLB1T ni Sprint. VSD1T ni Rally 180, VSE1T ni Rally 200, VSX1T ni P200E. Ile T ya mwisho ni ya fremu, kwa Kitaliano telaio. Kwenye kasha la injini utakuta kikundi hichohicho lakini mwisho wake ni M, yaani motore, isipokuwa P200E ambayo injini yake ni VSE1M. Fremu VLB1T inataka injini VLB1M. Ukikuta fremu ya Sprint na injini ya Super, ujue injini imehamishwa, sio dhambi, lakini bei lazima ishuke na asikwambie ni orijino.

Na hapa watu wengi wanakosea: zile tarakimu zinazofuata herufi hazitakiwi kufanana. Piaggio hawakuwa wanalinganisha tarakimu za fremu na za injini. Herufi zifanane, tarakimu zitofautiane, hivyo ndivyo ilivyotoka kiwandani. Ukiona fremu na injini zina tarakimu zilezile mpaka ya mwisho na muuzaji anakuonyesha kwa furaha, mwangalie vizuri huyo mtu, kwa sababu kuna mkono umegonga namba hapo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe ambalo ndio limenifanya niandike. Mjomba wangu wa Bombo, dereva mstaafu, maisha yake yote alikuwa anataka Rally 180. Alipopata hela ya kiinua mgongo akauza na ng'ombe juu yake, akapelekwa kwa jamaa mmoja Kampala aliyekuwa nayo. Nyekundu, taa zinang'aa, kiti kipya. Mjomba sio mjinga, yeye amekaa na magari, kwa hiyo kitu cha kwanza aliuliza kadi ya usajili. Kadi ikaletwa. Kadi nzee kweli, karatasi imechoka kwenye mikunjo, na ndani imeandikwa VSD1T na tarakimu zake. Akainama na miwani yake akasoma namba kwenye bodi, ikawa sawa na kadi, tarakimu kwa tarakimu. Akaenda mbali zaidi, akampa mtu namba iulizwe kwenye usajili, jibu likarudi kwamba namba ipo na haina kesi. Jamaa akamwambia, "Hajji, sasa unataka nini tena, kadi si hii, chuma si hiki?" Mjomba akalipa.

Akaiendesha vizuri tu mwezi wa kwanza, Bombo mpaka Wobulenzi na kurudi, watu wanampungia mkono. Shida ilianza alipoenda kubadilisha jina. Pikipiki ikatakiwa kukaguliwa, na mkaguzi alikuwa kijana mtulivu asiyependa maneno. Mimi nilikuwepo, mjomba aliniita nimsindikize. Yule kijana hakusoma namba kwanza, aliipitishia kidole. Akarudia. Halafu akaomba wembe, akamwaga tina kwenye kitambaa akasugua sehemu ya namba na kuizunguka, rangi nyekundu ikatoka, chini yake ikatoka unga wa kijivu, fila hiyo, ile ya kuzibia na kulainisha bati kabla ya rangi, na nyuma ya fila ukaanza kuonekana mstari. Akaufuata na ncha ya wembe polepole mpaka ukafunga pembe nne. Kipande cha bati upana wa vidole viwili hivi, kimekatwa, kikachomelewa juu ya shimo, kikalainishwa na fila, kikapakwa rangi. Namba yote ilikuwa imekaa ndani ya hicho kipande.

Tukafungua injini. Pale palipogongwa VSD1M kasha lilikuwa laini linateleza, wakati aluminiamu yote inayozunguka iko na ule ukwaru wake wa kiwandani, maana yake paligrainda mtu akafuta namba ya kwanza akagonga yake. Kichwa cha silinda kina nati nne tu, tukakitoa tukapima tundu la pistoni kwa vernia, kile kifaa cha kupimia milimita: milimita 57 na kidogo. Rally 180 ni 63.5. Hiyo ilikuwa injini ya 150 na bodi ya India.

Sasa sikiliza vizuri maana hapa ndipo watu wote wanapoanguka. Kadi ilikuwa ya kweli. Usajili ulikuwa wa kweli. Kulikuwa na Rally 180 kweli nchi hii yenye namba hiyo, ikafa, bodi ikaoza au ikauzwa chuma chakavu, lakini kadi ikabaki kwenye droo ya mtu, na mtu akaona kadi hiyo ni mali. Akatafuta pikipiki ya kuivalisha. Kwa hiyo yule anayekwambia "hakiki kadi" amekupa nusu tu ya kazi, sababu kadi halali inaweza kuwa ya pikipiki ambayo haipo tena duniani. Pikipiki ya mjomba ilizuiliwa, muuzaji simu yake ikawa haipatikani, na mzee akaambiwa aeleze yeye namba alizitoa wapi. Mtu wa miaka yake, anaulizwa kama mwizi. Alikuwa anarudia tu, "Mpwa wangu, mimi si nilisoma namba? Si nilisoma?" Alisoma kweli. Shida ni kwamba namba ya fremu haisomwi tu, inachunguzwa.

Kwa hiyo namba ifanyie hivi. Kwanza kidole, pitisha taratibu kushoto kulia na juu chini, tafuta ukingo au tuta. Pili tochi, imulike kutoka pembeni isiwe mbele, mwanga wa pembeni unaonyesha bonde na mlima wote. Tatu sumaku: bodi ya Vespa ni chuma, ikishika kote halafu ikalegea karibu na namba hapo kuna fila, na hakuna sababu njema ya fila kukaa hapo. Nne, weka karatasi juu ya namba sugua na penseli iliyolazwa mpaka herufi zitokee, nenda nayo nyumbani utulie, linganisha na picha za Vespa zingine za modeli hiyo ambazo hazijaguswa. Herufi za kiwandani zina umbo lake na kina kinacholingana, nyingi zina nyota mwanzo na mwisho wa tarakimu. Za kugongwa kwa nyundo chini ya mwembe moja imezama, nyingine imeinama, nyingine imegongwa mara mbili. Tano, omba ruhusa ya kufuta rangi sehemu hiyo, ndogo tu. Mwenye pikipiki safi atanung'unika kidogo halafu atakubali. Akikataa kabisa, mshukuru kwa soda uondoke.

Kupima silinda kunasaidia lakini usikutegemee peke yake. Kwenye Super, Sprint na hizi Rally mwendo wa pistoni ni ileile milimita 57, kinachobadilika ni tundu: 57 kwa Super na Sprint, 63.5 kwa Rally 180, 66.5 kwa Rally 200. Kuchonga silinda iliyochoka kunaongeza sehemu ndogo ya milimita, hakuwezi kukuletea milimita sita. Ila kuna silinda za kubadilishia za milimita 63 zinazoingia kwenye injini ya 150, kwa hiyo ukikuta 63 usishangilie bado, rudi kwenye herufi za kasha.

Matairi angalia haraka: Super ina rimu za inchi 8, Sprint na Rally inchi 10.

Vifaa vidogo ndio vinakwambia pikipiki imeishi wapi. Kabureta ya Italia ni Dell'Orto, jina limetoka kwenye chuma chenyewe. Ukikuta Spaco hiyo ni ya India, walitengeneza kwa leseni ya Dell'Orto, inafanya kazi vizuri sana lakini sio iliyotoka na pikipiki. Taa ya mbele tafuta Siem kwenye kioo, spido mita tafuta Veglia Borletti. Nembo ya Piaggio ya pembe sita ilikuja 1967, kwa hiyo mtu akikuuzia Vespa ya 1963 yenye pembe sita mbele, angalau nembo hiyo ni ya baadaye, muulize na vingine vilivyobadilishwa. Mimi sioni kama spea moja mbili za kubadilishwa zinaharibu pikipiki, hizi ni vyombo vilivyofanya kazi barabara za vumbi, sio mapambo. Niambie tu ukweli nijue nalipia nini.

Rangi ya zamani usiitafute nje. Nyanyua tanki, angalia chini yake na ndani ya kisanduku cha mizigo, wapakaji wengi hawafiki huko. Ukikuta rangi tatu tofauti, fuata ya chini kabisa.

Sakafu ya kuwekea miguu, lala chini uitazame kwa chini yake. Kiwandani ilishikwa kwa vidoti vya kuchomelea vilivyopangwa, vinaonekana kama vishimo vidogo vidogo vyenye mpangilio. Ukikuta uzi mrefu wa welding umepita ukingoni sakafu imebadilishwa, na kama imefanywa na mtu wa mabati tu bila kifaa cha kushikilia fremu isijipinde, pikipiki itavuta upande mmoja maisha yake yote. Iangalie kutoka nyuma kama magurudumu yako mstari mmoja.

Ukiletewa Lambretta, skuta nyingine ya Italia, mambo ni yaleyale, kiwanda cha Innocenti kiliacha kuzitengeneza Milano 1971, mitambo ikaenda India, Lucknow, wakaendelea nazo kwa miaka mingi. Kwa hiyo Lambretta ya 1978 haiwezi kuwa ya Italia hata aapishwe nani.

Makaratasi sasa. Jina kwenye kadi liwe la mtu unayeongea naye, au aje na mwenye kadi, au na familia kama mwenyewe amefariki, na karatasi za urithi ziwepo. "Tutabadilisha baadaye" usiikubali. Uandikishaji wa mauziano ufanyike mbele ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) wa kwao muuzaji, sio wa kwenu, kwa sababu LC1 wa kwao ndiye anayemjua na ndiye atakayejua pa kumpata. Piga kopi ya kitambulisho chake. Ukaguzi wa namba ufanyike kabla ya hela ya mwisho kutoka mkononi mwako, iandikwe hivyo kwenye mkataba.

Mengine unayajua: usionane naye jioni, usikubali mahali pabadilishwe mara ya pili, usiende kujaribu kuendesha peke yako kwenye uwanja wa watu usiowajua, usimlipe mtu ambaye jina lake kwenye simu sio lile la kwenye kadi. Na hela ya kushikilia usitume kwa mobile money kabla hujagusa ile namba kwa kidole chako, hata laki moja, hata kama wanasema kuna Mkenya ameshavuka Busia na anakuja kuichukua leo hiihii.