Kuendesha chama cha mtaa mpaka mfanye bonanza bila kugombana

Kila mara naulizwa na watu wa mitaa mingine, nyie kule mnafanyaje, maana sisi tulianza vizuri tukafika kikao cha tatu kila mtu akashika njia yake. Sa nimeamua niandike yote hapa, nikiulizwa tena natuma hii hii. Mi nipo Temeke, mtaa wa kawaida tu, wapangaji wengi, wenye nyumba wachache, bodaboda, walimu, mama lishe, mafundi, na huu ni mwaka wa sita nipo katibu wa chama chetu, cha kujitolea kabisa, hakuna anayelipwa hata nauli.

Kwanza kabisa usianze na katiba. Najua kuna mtu hapo mtaani kwenu ameshachukua katiba ya chama kingine akabadilisha jina na anataka ipitishwe kifungu kwa kifungu, mwambie asubiri. Anza na kazi inayoonekana kwa macho. Sisi tulianza na mtaro, ulikuwa umeziba, masika yanakuja, na kila mwaka maji yanaingia nyumba zile zile nne za bondeni. Tukachagua Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo ni siku ya usafi nchi nzima, maduka mengi yanachelewa kufungua, watu wapo nyumbani na hawana kisingizio. Walikuja kumi na saba. Tukazibua, tukapiga picha, mchana habari imezunguka mtaa mzima. Ila tulikosea kitu kimoja, tope tuliliacha pembeni ya mtaro, mvua ya kwanza likarudi lote mlemle. Kwa hiyo kabla hujashika koleo hakikisha toroli au kirikuu ya kubeba tope umeshaipanga na unajua inaenda kumwaga wapi.

Kazi ya pili iwe msiba. Siongei kwa kuombea mtu mabaya, ila ndio ukweli, mtaani kwetu kinachowaleta watu pamoja ni msiba, na msiba una mahitaji yale yale kila siku, turubai, viti, masufuria makubwa, mikeka, ndoo za maji. Tulichanga mwaka mzima tukanunua turubai moja na viti vya plastiki hamsini. Hapo ndio chama kikawa chama. Mtu ambaye alikuwa anasema hivyo vikundi ni vya wambea, siku amefiwa na mama yake akaona saa moja asubuhi turubai imeshafungwa na viti vimepangwa na hakuna aliyemuuliza chochote, mwezi uliofuata akaja mwenyewe na mchango wa miezi sita.

Kuhusu uongozi msiweke vyeo vingi. Mratibu, katibu, mweka hazina, na mtu mmoja wa kila kichochoro, basi. Na hapo nimesema mratibu kwa makusudi, usimwite mwenyekiti, kwa sababu mtaa tayari una mwenyekiti wake aliyechaguliwa kwa kura, ukianza kumtambulisha mtu mwingine kama mwenyekiti unakuta mzee wa watu anaona mmempindua, na huyo ndiye mtamhitaji kila mkitaka barua. Nendeni watu watatu ofisini, msalimieni yeye na mtendaji, waelezeni mnachofanya na muwaalike kwenye kikao, hata wakija dakika kumi inatosha. Na kingine, uchaguzi wa serikali za mitaa ni kila miaka mitano, uliopita ulikuwa tarehe 27 Novemba 2024, ukikaribia mwingine utaona watu ambao hawajawahi kushika fagio wanajaa upendo wa ghafla na chama chenu. Sisi tumekubaliana anayetaka kugombea anaachia nafasi kwenye kamati kwanza. Mipira na jezi tunapokea kutoka kwa yeyote, sura ya mtu kwenye tisheti ya bonanza hapana.

Halafu angalieni nani yupo kwenye kamati. Kwetu mwanzoni ilikuwa wanaume wenye nyumba watupu, wakati kwenye msiba kazi yote inafanywa na kina mama, na zaidi ya nusu ya mtaa ni wapangaji. Mpangaji ukimwambia yeye ni wa kupita tu atakuwa wa kupita kweli, hachangii na haji. Siku tulipompa mpangaji kazi ya mweka hazina ndio wapangaji wenzake wakaanza kulipa.

Usajili mtafanya mkishakaa vizuri na hasa mkitaka akaunti benki. Muanze kwa kuuliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yenu mnaingia kundi gani, maana kikundi cha kiuchumi na chama cha kijamii ni njia mbili tofauti, chama kinaenda kwa Msajili wa Vyama, Wizara ya Mambo ya Ndani. Hapo sasa ile katiba mtaihitaji, pamoja na muhtasari wa kikao na majina ya wanachama. Atatokea mtu aseme tujisajili tupate ile mikopo ya asilimia 10. Ile ni ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vyenye mradi wa kuzalisha, nne, nne, mbili, sio ya kununulia viti vya msiba, msipotezeane muda.

HELA

Hapa ntakaa kidogo maana vyama vyote nilivyoona vinakufa, vimefia hapa, na mara nyingi hata hakuna aliyeiba. Hela ipo, ila haijasomwa miezi mitano, mtu mmoja kamwona mweka hazina na simu mpya, maneno yanaanza, mweka hazina anakasirika anasusa, kwisha.

Sisi mchango ni elfu mbili kwa mwezi kwa kaya. Mwanzoni wengine walitaka elfu kumi, tukakataa, bora wengi watoe kidogo kuliko watu kumi na mbili watoe kikubwa halafu waanze kujiona chama ni chao. Hela haiingii kwenye namba binafsi ya mtu, tafuteni akaunti ya kikundi, hata hizi za kwenye simu kama M-Koba zinafaa kwa kuanzia kwa sababu kila mwanachama anaona kilichoingia na mtu mmoja hawezi kutoa peke yake. Benki wawe wasaini watatu, na wasitoke nyumba moja wala ukoo mmoja.

Sasa kitu kilichotuokoa. Pale kwenye genge la mama mmoja, mtaa mzima lazima upite ukanunue nyanya, tumepigilia kipande cha plaiwudi. Kila tarehe moja mweka hazina anabandika karatasi ya hesabu kwa mkono, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na chini yake zile risiti zenyewe zimegandishwa kwa gundi, hata ya misumari ya mia tano. Pasipo na risiti anaandika hakuna risiti na anasaini yeye na shahidi. Watu wanasimama pale na mfuko wa nyanya wanasoma, wanabishana kwa nini kamba imenunuliwa elfu nane, wanajibiwa hapo hapo na mama wa genge ambaye kwa sasa anajua hesabu za chama kuliko mimi. Majina ya wasiolipa hatubandiki. Tuliwahi kubandika mara moja, mama mmoja alikuwa na mtoto kalazwa wiki tatu na sisi tumemwandika ukutani kama mdaiwa sugu, ile aibu ilikuwa yetu sio yake.

Kwenye grupu la WhatsApp mambo ni machache, muwe na magrupu mawili, moja la matangazo wanaoandika ni maadmini tu, lingine la stori, huko wajiachie. Marufuku ya kwetu ni tatu, siasa, picha za marehemu, na kutupia vitambulisho au namba za NIDA za watu. Na tangazo muhimu usiliache grupuni tu, wazee wengi hawamo, tuma kijana apite na kipaza sauti jioni au lisomwe msikitini na kanisani.

BONANZA SASA

Bonanza sisi ni mara moja kwa mwaka, msijaribu mara tatu. Tarehe ndio kitu cha kwanza, na kuna siku za kukwepa, masika kuanzia Machi mpaka Mei, mwezi wa Ramadhani, wiki ya mtihani wa darasa la saba mwezi wa tisa, na tafadhali fungua ratiba ya ligi uangalie Simba na Yanga wanacheza lini. Sisi mwaka wa pili hatukuangalia. Saa kumi jioni uwanja ulibaki na watoto na mimi na MC. Inayotufaa ni Jumamosi ya kwanza baada ya mishahara.

Mwezi mmoja kabla anza na barua serikali ya mtaa, wao watakuambia kama upite kata na polisi, na mara nyingi mkikusanya watu wengi na muziki utapita. Omba mapema, usisubiri wiki ya mwisho, mtendaji akisafiri umekwama. Kwenye barua andika mwisho wa muziki ni saa ngapi. Sisi ni saa 12 jioni, na adhana ikianza spika zinazimwa bila kukumbushana, na hicho kitu peke yake kimetupunguzia malalamiko kuliko kibali chochote.

Wafadhili waombe vitu. Mzee wa bucha ukimwomba laki moja atakuzungusha wiki mbili, ukimwomba kilo tano za nyama anakukatia. Mwenye duka katoni za maji, fundi cherehani bibu za timu, wakala wa simu miamvuli. Waandike wote kwenye ile plaiwudi.

Kujitolea nako kuna namna yake, ukisema grupuni tunaomba watu wa kujitolea utapata dole gumba arobaini na asubuhi mko watatu. Mfuate mtu mlangoni, shikamoo baba, tunaomba Jumamosi kuanzia saa 2 mpaka saa 4 usimame kwenye maji, saa 4 anakupokea fulani. Kazi ndogo yenye mwanzo na mwisho hakuna anayeikataa, wanakimbia ile ya kusimama siku nzima.

Chakula. Pilau kilo moja ya mchele sisi tunahesabu watu saba, wakiwa vijana waliotoka kucheza hesabu watano. Mwaka wa kwanza tulipika kwa kuhesabu wanachama, tukasahau kwamba mtoto wa mtaa wetu mmoja anakuja na marafiki wanne wa mtaa wa pili, saa 8 mchana sufuria zimekombwa na wazee waliotoa michango hawajala. Siku hizi tunagawa vikaratasi vyenye muhuri, kila kaya inapewa kulingana na watu wake siku moja kabla, watoto wanakula kwanza na sahani zao ndogo, na kuna sufuria moja ya wali maharage pembeni haina kikaratasi, mgeni yeyote anakula. Wapishi ni kina mama wa mtaa lakini tunawalipa kidogo, hilo lilileta ubishi kwamba hiki ni chama cha kujitolea, ila mtu aliyeamka saa 9 usiku kuwasha kuni halafu haoni hata mechi moja mi siwezi kumwambia ajitolee.

Mziki msilipe hela yote mwanzo. Kuna jamaa tulimlipa kamili, tumekubaliana saa 2 asubuhi, akatokea saa 8 mchana na spika moja inakoroma. Nusu mwanzo, nusu kazi ikiisha, na jenereta iwepo hata kama umeme upo.

Michezo msiumize kichwa, kuvuta kamba kichochoro kwa kichochoro, mbio za magunia, rede kwa wasichana, bao na drafti chini ya mwembe, na mechi ya wazee na vijana. Wazee dakika 15 kila kipindi, usiwasikilize wakidai wanaweza 45, na bajaji iwe imepaki hapo na dereva hajanywa. Tangazo sema saa 1 ili uanze saa 2.

Kukimbiza kuku weka uwanjani katikati, mbali na nyumba. Wetu mwaka juzi aliwapita watoto ishirini akaruka ukuta akaingia kwa mzee mmoja ambaye hajawahi kuchangia hata shilingi. Nikaenda kugonga. Shikamoo mzee. Marahaba. Tunaomba kuku wetu. Kuku gani? Na huku nyuma yake namuona kuku kabisa, kafunikwa na tenga. Tuliongea dakika ishirini, akamtoa, ila kwa sharti akabidhi zawadi yeye mwenyewe mbele ya watu. Akakabidhi, akapewa maiki, akahutubia. Mwezi ule ule akaanza kulipa.

Jioni usiwaruhusu watu waondoke kabla ya mambo mawili. Kwanza uwanja uokotwe, tunawapa watoto kila aliyejaza mfuko soda moja, nusu saa panang'aa. Pili vyombo vihesabiwe hapo hapo kwenye mwanga, kwa daftari, viti, sufuria, miko, ndoo, na aliyeazima aandikwe. Hesabu ya hela inabandikwa gengeni ndani ya siku tatu, hata kama mmepata hasara, na hasa kama mmepata hasara. Vijiko ndio usiulize, ukianza na mia jiandae kubaki na themanini, sisi tumeshaacha kutafuta, tunaviweka tu kwenye bajeti ya mwaka unaofuata.