Matairi ya bei nafuu kwa pikipiki ya safari ndefu: somo kwa waendeshaji wa Mwanza na Kanda ya Ziwa

Wakuu, salaam. Tangu Daraja la J.P. Magufuli pale Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, safari ya Geita, Chato hadi Bukoba haisubiri tena kivuko, na wenye pikipiki kubwa tunatembea zaidi. Matairi nayo yanakwisha zaidi. Somo hili ni la wenye V-Strom, Africa Twin, Transalp, Ténéré, GS na jamaa zake. Mwenye Boxer au TVS ataokota mawili matatu humu, lakini yeye soko halimsumbui: saizi yake ipo kila duka la vipuri kuanzia Igoma mpaka Buhongwa. Sisi tunajibiwa "hiyo mpaka uagize", na bei ikitajwa mtu unatafuta kiti.

Hapo ndipo kishawishi kinapoingia, cha kufunga chochote kinachoingia kwenye rimu. Twende taratibu.

Hatua ya 1: Soma ubavu kabla hujauliza bei

Tuchukue V-Strom 650. Tairi la nyuma limeandikwa 150/70R17 69V. 150 ni upana kwa milimita. 70 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 70 ya huo upana, sawa na milimita 105. R ni radiali (nyuzi zake za ndani zinakatiza kutoka ubavu mmoja hadi mwingine), na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Halafu zinakuja alama mbili ambazo wanunuzi wengi wanaziruka: 69 ni uzito, maana yake tairi limejengwa kubeba kilo 325, V ni mwendo, kilomita 240 kwa saa. La mbele ni 110/80R19 59V, na hiyo 59 ni kilo 243.

Sasa geukia tairi la bodaboda la 3.00-17 lenye alama 50P. P ni kilomita 150 kwa saa, na kwa matuta haya ya kutoka Kisesa mpaka Magu sidhani kama kuna anayelalamika. Tatizo ni 50, ambayo ni kilo 190 tu. Pikipiki ikiwa na mafuta ni kilo 215 hivi, wewe 80, mama watoto 65, masanduku matatu na sato wa kupeleka ukweni 40. Jumla 400, na zaidi ya nusu yake inakaa nyuma. Fundi atakayekuambia "tunalazimisha tu, kaka, linaingia" hatakuwepo ukishapita Shinyanga na jua la saa nane.

Kanuni ni hii: saizi ile ile ya kwenye kitabu cha pikipiki, namba ya uzito isishuke, herufi ya mwendo isishuke. Kupanda ruksa. Usiweke pana zaidi kwa sababu ya kupendeza. Pikipiki yenye ABS, yaani breki zinazozuia gurudumu lisigande, inalinganisha mzunguko wa gurudumu la mbele na la nyuma, na ukibadili kipenyo unaichanganya.

Hatua ya 2: Jua unapiga kilomita ngapi kwa mwaka

Hapa naomba tukae kidogo, maana ushauri unaozunguka mjini ni mmoja: nunua la ghali, linadumu. Si kweli kwa kila mtu.

Namba hizi ni za mfano tu. Tairi A ni shilingi 300,000 na linakwenda kilomita 8,000. Tairi B ni shilingi 480,000 na linakwenda kilomita 16,000. A linakula shilingi 37.50 kwa kila kilomita, B shilingi 30. B limeshinda, na bado hujaweka hela ya fundi ambayo kwa A utailipa mara mbili.

Sasa ingiza mwaka kwenye hesabu. Mtu anayekwenda Dar na kurudi, mara Bukoba, mara Musoma, akafikisha kilomita 8,000 kwa mwaka, atalimaliza B ndani ya miaka 2. Kwake B ndilo rahisi. Lakini yupo mwenye pikipiki ya kutoka Jumapili: anazunguka Capri Point, anakwenda Kisesa, siku moja moja Bunda. Kilomita 2,000 kwa mwaka. Huyu B linamtaka miaka 8, na mpira hausubiri kashata (vinundu vya tairi vinavyoshika barabara) ziishe. Pikipiki ikilala juani mpira unakauka, unakuwa mgumu, na unakuja kugundua siku ya mvua ya kwanza ya vuli ukishuka Bugando. Watengenezaji wakubwa kama Michelin wanaweka ukomo wa miaka 10 tangu tairi litengenezwe, na likishatumika miaka 5 wanataka likaguliwe na fundi kila mwaka. Mtu wa Jumapili achukue A, alimalize ndani ya miaka 4, afunge jipya. Hapo ametoa 300,000 badala ya 480,000, na siku zote anatembea kwenye mpira ulio hai.

Kwa hiyo soma odomita, gawa kwa miaka uliyokaa na pikipiki. Usikadirie kwa kichwa. Tunakumbuka sana safari za Dar na kusahau ile miezi pikipiki imefunikwa turubai.

Hatua ya 3: Kashata za barabara unayopita kweli

Katalogi zinaandika 90/10, 80/20, 50/50. Namba ya kwanza ni sehemu ya lami, ya pili ni ya vumbi. Kashata kubwa zilizoachana zinavutia kwenye picha, ila kwenye lami zinavuma, zinaisha haraka na zinashika kidogo maji yakiwepo.

Tujiulize tunapita wapi. Musoma hadi Sirari ni lami. Shinyanga, Nzega, Singida mpaka Dodoma ni lami. Hata Arusha ni lami, kwa sababu pikipiki haziruhusiwi kukatiza Hifadhi ya Serengeti. Unazunguka kwa Singida na Babati upende usipende. Vumbi letu ni la Ukerewe, vijiji vya ndani vya Sengerema, na kwenda kusalimia wazee Kwimba. Kwa wengi wetu 80/20 inatosha, hata 90/10.

Kuhusu ule udongo mweusi wa mbuga wa Misungwi na Kwimba, mvua ikinyesha hakuna tairi la bei nafuu litakalokusaidia. Unajaza mapengo ya kashata, gurudumu linakuwa duara la tope. Subiri jua, ndivyo wenyeji wanavyofanya.

Jambo jingine la Usukumani ni kunyooka kwa barabara. Kilomita nyingi bila kona zinakula tairi katikati mpaka linakuwa bapa, na kona ya kwanza pikipiki inasita halafu inadondokea upande. Matairi mengine yana mpira mgumu katikati na laini pembeni kupunguza hilo. Ukikuta la namna hiyo kwa nyongeza ndogo, ongeza.

Hatua ya 4: Majina

Shinko ya Korea Kusini, hasa 705, ndiyo inayotajwa sana na wasafiri wa mfuko mdogo. Kampuni hiyo ilinunua moldi na teknolojia ya matairi ya pikipiki kutoka Yokohama mwaka 1998, kwa hiyo si watu wa juzi. Mitas E-07 na Heidenau K60 Scout zinasifika kwa kudumu nyuma, ingawa ugumu huo huo unataka adabu kwenye lami yenye maji. Kenda na Maxxis ni za Taiwan, MRF, CEAT na TVS Eurogrip za India. Hizi za India zipo kwa wingi kwetu, lakini hakikisha ni saizi yako na si "inakaribiana".

Ukiwa na hamu ya jina kubwa, Metzeler, Michelin au Pirelli, ulizia toleo lililopita. Toleo jipya likitoka, la zamani hushuka bei bila kupoteza ubora wowote. Ila hapo ndipo hatua inayofuata inakuwa ya lazima.

Hatua ya 5: Tarehe

Tafuta neno DOT ubavuni. Mwishoni mwake kuna tarakimu nne: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Ukikosa upande mmoja, geuza tairi. Mimi sinunui lililozidi miaka 3 dukani, labda lipunguzwe sana na mtunzaji awe ameliweka kivulini. Ukiagiza Kariakoo, mwenye duka akutumie picha ya tarakimu hizo kabla hajalipakia kwenye basi. Akianza kusema "we niamini mimi", basi unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Hatua ya 6: Agiza kabla ya kukwama

Ubavuni kuna alama TWI. Ifuate mpaka kwenye mfereji utaona kigongo kidogo. Kashata zikilingana nacho tairi limekwisha. Kwenye pikipiki nyingi kigongo hicho ni milimita 0.8 tu, kidogo mno kwa mvua zetu. Agiza zikibaki milimita 3. Mwenye haraka halinganishi bei, na wauzaji wanamtambua tangu anavyoingia mlangoni. Ukifikiria Nairobi kupitia Sirari, jumlisha ushuru wa forodha kwanza ndipo ulinganishe na Dar.

Hatua ya 7: Kufunga

Fundi pancha wa kawaida anaweza, mradi usimamie. Rimu za sporti ziwekewe vipande vya mpira chini ya chuma cha kuchokolea zisichubuke. Mshale wa ubavuni ufuate mzunguko wa gurudumu. Kama kuna nukta ya rangi, ielekee kwenye valvu. Gurudumu libalansiwe. Mwisho, kabla hujaondoka, kandamiza breki mara kadhaa mpaka ishike. Pedi zikisukumwa wakati wa kufunga, mkandamizo wa kwanza unaenda bure. Kilomita 150 za mwanzo usilaze sana kwenye kona, tairi jipya linateleza.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Nyakato: Mkuu, tairi la mtumba lenye kashata nyingi vipi? Bei ni nusu.

Jibu: Kaka, soma tarehe kwanza. Kashata nyingi kwenye tairi la miaka 9 maana yake limekaa tu. Kisha chungulia ndani: ukiona kiraka, nyuzi au uvimbe, achana nalo. La mbele silichukui mtumba kabisa. La nyuma lenye miaka miwili na lililo safi ndani naweza kulifikiria, kama bado lina robo tatu ya maisha yake, si kwa sababu tu bei ni nusu. Fanya hesabu ya kilomita, mara nyingi linakataa.

Mwanachama, Musoma: Kuna jamaa kanishauri nifunge tairi la gari nyuma, eti linadumu mara tatu.

Jibu: Kudumu linadumu. Lakini tairi la gari ni bapa, la pikipiki ni mviringo ili lilale kwenye kona. Tena mdomo wa rimu ya pikipiki haukuchongwa kwa tairi la gari, hata inchi zikilingana. Hapana, ndugu yangu.

Mwanachama, Bukoba: Shikamoo mzee. La nyuma limekwisha, la mbele bado. Lazima nibadili yote?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Si lazima. La nyuma kwa kawaida huisha mapema, wengi tunabadili nyuma mara mbili kwa mbele mara moja, na hapo ndipo pesa inapookolewa. Angalia mambo mawili tu: la mbele lisiwe limepita umri, na usiweke radiali mbele na lisilo radiali nyuma. Ikiwezekana baki na kampuni moja na aina moja ya kashata.

Mwanachama, Sengerema: Rimu zangu ni za spoki zenye tyubu. Dukani kuna tairi limeandikwa Tubeless. Naweza kutia tyubu ndani?

Jibu: Kwa kawaida inawezekana, tyubu iwe ya saizi hiyo hiyo na mpya, ila soma kitabu chako na maelezo ya tairi kwanza. Inaongeza joto, kwa hiyo usikimbize ukiwa na mzigo. Kinyume chake hakiwezekani: tairi lililoandikwa Tube Type lisifungwe bila tyubu. Na pancha ukiipata ubavuni usizibe, badili tairi.

Mwanachama, Nyegezi: Nikijaza upepo psi 36 nyuma hapa Mwanza asubuhi, nikafika Dar, kesho yake alfajiri geji inasoma 34 au 35. Hakuna pancha. Nini hiki?

Jibu: Mwanza ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Geji inapima tofauti kati ya upepo wa ndani na hewa ya nje, na hewa ya Dar ni nzito zaidi. Kushuka huko peke yake kunatoa karibu 2 kwenye geji. Joto la Dar linarudisha kiasi, kama 1.5 kwa kila nyuzi 10, ndiyo maana wewe unaona 34 mara 35. Pima tena asubuhi tairi likiwa baridi, ongeza ifike namba ya kitabu. Ukibeba mtu na mizigo, V-Strom inataka 41 nyuma, si 36. Ukirudi Mwanza pima upya, maana itasoma juu.