Mtoto amebadilika ghafla? Angalia haya kabla hujamwita mkaidi

Wengi tukisikia tatizo la akili kwa mtoto tunawaza mtu anayeongea peke yake njiani, kumbe huko ni mbali, linaweza kuanza na tumbo linauma tu. Na sio jambo la nadra, Shirika la Afya Duniani linasema katika kila vijana 7 wa miaka 10 hadi 19 mmoja ana tatizo la afya ya akili.

Kwanza acha kumlinganisha na mtoto wa jirani. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa miezi miwili mitatu nyuma. Kama siku zote ni mkimya basi ukimya sio dalili, ila yule mropokaji wa nyumba akianza kula haraka haraka na kukimbilia chumbani kila siku, hapo kaa macho.

Turudi kwenye tumbo. Linauma jumapili usiku, jumatatu asubuhi ndio balaa, jumamosi mzima anaruka ruka. Usikimbilie kusema anadanganya, wasiwasi unauma kweli, tumbo na kichwa. Mpeleke kwanza apimwe, ikionekana hana ugonjwa mwilini anza kuuliza huko shule kuna nini, maana labda kuna mtu anamuonea.

Kingine kinachotuponyoka ni hasira. Mtu mzima akiwa na sonona tunategemea alie, ajifungie, lakini mtoto mara nyingi anakuwa mkali tu, anafoka, anapigana na wadogo zake, na sisi tunamchapa kwa kiburi kumbe ana huzuni. Na mtoto aliyeshaacha kukojoa kitandani miezi kibao afu akaanza tena, usimwaibishe mbele za watu. Inaweza kuwa hofu, inaweza pia kuwa maambukizi ya mkojo au kisukari, kwahiyo apimwe.

Usingizi, kula, maksi kushuka, kuacha mchezo aliokuwa anaupenda, hizo unazijua. Wadogo kabisa hawana maneno, wao wanakung'ang'ania hutoki mlangoni au wanarudia mchezo uleule wa kutisha kila siku.

Sasa chukua daftari. Andika tarehe, amelala saa ngapi, amekula nini, siku hiyo kulitokea nini. Siku mbili za kununa ni za kila mtoto, ila ikifika wiki mbili haieleweki na imeshagusa shule au usingizi au marafiki, muone daktari. Muulize na mwalimu, yeye anaona usiyoyaona.

Kuongea naye usimkalishe kama yuko mahakamani. Ongea mkiwa mnaosha vyombo au mnatembea, mwambie "naona siku hizi hulali vizuri" afu nyamaza. Nyamaza kweli, hata dakika nzima. Zile za "sisi enzi zetu tulipata shida kuliko wewe" ndio zinafunga mdomo wa mtoto moja kwa moja.

Kuna mambo hayasubiri wiki mbili wala daftari. Anajikata au anajiumiza (angalia anayevaa mikono mirefu hata kwenye joto), anasema bora asingezaliwa, anagawa vitu anavyovipenda, anasikia sauti ambazo wengine hawasikii. Muulize wazi, "unawaza kujiua?" Kuuliza hakumpi wazo, watu wanaogopa bure hapo. Usimwache peke yake, ficha dawa, sumu na vitu vyenye makali, na hospitali ni siku hiyohiyo.

Ukifika kwa daktari swali la kwanza kwa kawaida ni imeanza lini, na hapo ndio utalishukuru lile daftari. Akikuomba aongee na mtoto wakiwa wawili tu, toka nje, na mkirudi nyumbani usimhoji alichosema.