Kuchagua Meli na Njia ya Kwenda Kuona Mito ya Barafu ya Alaska

Watu wengi wanaopanga safari ya meli ya kitalii kwenda Alaska huanza kwa kuchagua meli. Hutazama picha za vyumba, mikahawa na mabwawa ya kuogelea, hulinganisha bei, hulipa, na ndipo hugundua kwamba siku ya barafu katika ratiba yao ni saa chache tu, au haipo kabisa. Kwa msafiri ambaye haja yake ni barafu, mpangilio unapaswa kugeuzwa: achague kwanza mto wa barafu anaotaka kuuona, kisha njia inayofika hapo, kisha mwezi, na meli iwe jambo la mwisho.

Ni vyema kuelewa kwanza ni barafu ya namna gani inayoonekana kutoka melini. Barafu ya Kilimanjaro, ambayo wasomaji wengi wa Kiswahili wanaifahamu, iko kileleni, mbali kabisa na bahari, na inazidi kupungua hapohapo ilipo. Kusini mwa Alaska mambo ni tofauti: mawingu yanayotoka Bahari ya Pasifiki hugonga milima mirefu ya pwani na kumwaga theluji nyingi mno, theluji hiyo hushindiliwa kwa uzito wake yenyewe mpaka ikawa barafu ngumu, na barafu hiyo huteremka mabondeni polepole kama mito, mingine ikafika mpaka baharini. Ni mito hii inayoishia ndani ya maji ya chumvi ndiyo inayoleta ukuta wa barafu mbele ya meli na vipande vinavyomeguka kwa kishindo. Alaska ina maelfu ya mito ya barafu, lakini inayofika baharini ni michache, na inayofikiwa na meli kubwa ni michache zaidi. Mto wa Mendenhall ulio karibu na mji wa Juneau, kwa mfano, ni mzuri na hufikiwa kwa basi kutoka bandarini, ila hauko baharini, na kuuona huko si sawa na kusimama sitahani mbele ya ukuta wa barafu.

Iwapo msafiri atakwenda mara moja tu, ushauri wangu ni kwamba atafute ratiba inayoingia Glacier Bay. Mwaka 1794, msafara wa nahodha George Vancouver ulipopita hapo, ghuba hii ilikuwa karibu yote imefunikwa na barafu. John Muir, mwandishi wa mambo ya asili, alipofika mwaka 1879, barafu ilikuwa imerudi nyuma makumi ya kilomita, na leo meli husafiri zaidi ya kilomita 100 kutoka mlangoni mpaka mwisho wa ghuba. Kwa hiyo safari yenyewe ni somo: mlangoni kuna misitu mikubwa iliyopata muda wa kukua, na kadiri meli inavyosonga ndani miti inapungua, vichaka vinachukua nafasi, mwisho inabaki miamba mitupu ambayo barafu imeiacha juzijuzi kwa hesabu za dunia. Hii ni nchi ya asili ya Wahuna Tlingit, waliofukuzwa na barafu hiyo ilipokuwa ikisonga mbele, kabla haijaanza kurudi nyuma. Mwishoni kuna mto wa Margerie, wenye uso wa upana wa karibu kilomita moja na nusu na kimo cha karibu mita 75 juu ya maji, ambapo meli kwa kawaida husimama kwa muda mzuri na kujigeuza polepole ili kila upande upate zamu yake.

Sababu nyingine ya kuipendelea Glacier Bay ni utaratibu wake. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1980, na meli kubwa za kitalii zinazoruhusiwa kuingia ni mbili tu kwa siku. Askari wa hifadhi hupanda melini kwa mashua, hukaa na abiria karibu siku nzima, na hueleza kwa kipaza sauti kinachosikika kila upande. Elimu hiyo ni sehemu ya thamani ya safari na haiongezi gharama yoyote. Kwa kuwa vibali ni vichache, si kila kampuni inavyo vya kutosha. Holland America Line na Princess kwa miaka mingi zimekuwa na sehemu kubwa ya nafasi hizo, na Norwegian ni miongoni mwa chache nyingine zenye siku zao. Hata hivyo, jina la kampuni halitoshi: meli ileile inaweza kuingia Glacier Bay wiki hii na kwenda kwingine wiki ijayo. Msafiri asome ratiba ya tarehe yake mwenyewe, aone jina la Glacier Bay limeandikwa, kisha atazame saa za kuingia na kutoka. Ziara nzuri huchukua sehemu kubwa ya siku.

Baada ya hapo ninauweka mto wa Hubbard, ulioko ndani kabisa ya ghuba ya Yakutat. Ndio mto mkubwa kuliko yote ya Amerika Kaskazini inayoishia baharini: una urefu wa kilomita 122, ukianzia upande wa Kanada, na uso wake una upana wa karibu kilomita 10. Tofauti na mingi inayorudi nyuma, huu umekuwa ukisonga mbele, na mara mbili, mwaka 1986 na mwaka 2002, uliziba mlango wa mkono wa bahari uitwao Russell ukaufanya kuwa ziwa kwa muda, mpaka maji yalipovunja kizuizi. Kwa ukubwa hakuna kinachoushinda, lakini una kasoro moja ambayo mnunuzi aijue mapema: vipande vya barafu vinavyoelea mbele yake mara nyingi ni vingi, na nahodha akiona hatari husimama kilomita kadhaa mbali, na siku ya ukungu abiria huona mstari mweupe tu. Mapema katika msimu jambo hili hutokea zaidi.

Chaguo la tatu, linalotumiwa na meli nyingi zisizo na kibali cha Glacier Bay, ni mikono miwili ya bahari iliyo kusini mwa Juneau, yaani Tracy Arm na Endicott Arm. Hapa uzuri uko katika wembamba: meli hupita kati ya kuta za mawe zilizosimama wima, huku maporomoko ya maji yakishuka pande zote mbili. Mwezi Agosti 2025 mlima uliporomoka ndani ya Tracy Arm karibu na mto wa South Sawyer na kusababisha wimbi kubwa mno, na baada ya tukio hilo kampuni zikaanza kuielekeza safari Endicott Arm, kwenye mto wa Dawes. Anayenunua sasa asitegemee maelezo ya zamani kuhusu Tracy Arm, bali aulize ni mkono upi hasa utakaotembelewa. Aulize pia kama meli inateremsha boti ndogo za kusogea karibu zaidi, kwa kuwa huko meli kubwa mara nyingi hugeuka kabla ya kuufikia mto wenyewe.

College Fjord, iliyoko katika ghuba ya Prince William Sound, haina haja ya maneno mengi: ni mahali ambapo mito kadhaa huonekana kwa mkupuo mmoja, ukiwamo mto wa Harvard, na majina yake ya vyuo yalitolewa na msafara wa kisayansi wa Harriman wa mwaka 1899. Ratiba zinazofika huko ni chache, na aghalabu ni nyongeza ya saa chache jioni.

Sasa njia. Safari za siku saba, ambazo ndizo za kawaida, zimegawanyika katika aina mbili. Ya kwanza huanza na kuishia bandari moja, yaani Seattle au Vancouver, na ni rahisi kwa tiketi za ndege. Ya pili huenda upande mmoja, kutoka Vancouver mpaka Seward au Whittier, bandari za Alaska, au kinyume chake, na kwa mpenda barafu ndiyo bora, kwa sababu hufika kaskazini zaidi, na mara nyingi huunganisha Glacier Bay na Hubbard au College Fjord katika wiki moja. Gharama yake ni ndege ya kurudi kutoka Anchorage, mji wa Alaska wenye uwanja wa ndege, na usiku mmoja au mbili wa bahari ya wazi kwenye Ghuba ya Alaska, ambayo huweza kuchafuka.

Kati ya Seattle na Vancouver nako kuna tofauti isiyoonekana kwenye picha. Meli za Vancouver kwa kawaida hupita katika maji yaliyokingwa kati ya Kisiwa cha Vancouver na bara, ilhali nyingi za Seattle hupita nje ya kisiwa hicho, katika Pasifiki, ambako mawimbi ni makubwa zaidi. Mwenye tabia ya kuchafukwa na bahari aanzie Vancouver. Zaidi ya hayo, sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inazibana meli zenye bendera ya kigeni, na karibu meli zote kubwa ni za namna hiyo, zisibebe abiria kutoka Seattle na kuwarudisha hapo bila kugusa bandari ya nchi nyingine. Ndiyo maana ratiba nyingi za Seattle zina kituo cha Victoria, Kanada, mara nyingi usiku. Kituo hicho hula saa ambazo zingeweza kutumika kwenye barafu.

Kuhusu meli yenyewe, swali si kama ni mpya au imepambwa, bali ina watu wangapi na ina sitaha ya wazi kiasi gani. Meli yenye abiria 2,000 hivi, iliyo na nafasi ya kutembea pande zote na sehemu ya omo inayofunguliwa siku ya barafu, ni bora kwa kazi hii kuliko meli ya abiria 4,000 ambayo fahari yake iko ndani. Kuna pia meli ndogo za watu chini ya 100, zinazoanzia bandari kama Juneau. Hizi huingia sehemu nyembamba, hukaa muda mrefu zaidi, na hushusha abiria kwenye boti za mpira au mitumbwi ya kupiga kasia. Bei yake inaweza kuwa mara kadhaa ya ile ya meli kubwa, na burudani zake ni chache, lakini kwa mtu aliyekwenda kwa ajili ya barafu na wanyama pekee, sioni kama pesa hiyo imepotea.

Chumba chenye roshani ni starehe, si lazima. Kwa kuwa meli hujigeuza mbele ya mto, na kwa kuwa mahali pazuri pa kutazamia ni sitaha za juu na omo, aliyelala chumba cha ndani kisicho na dirisha huona barafu ileile. Mwenye fedha kidogo achukue chumba cha bei ya chini kwenye njia nzuri, wala asichukue roshani kwenye njia mbaya.

Msimu huanza mwishoni mwa Aprili na kumalizika Oktoba. Mei na mwanzo wa Juni huwa na mvua chache zaidi upande wa kusini mashariki, na milima bado ina theluji. Julai kuna joto kiasi, watu wengi na bei ya juu. Septemba mvua huongezeka, ila kuna zawadi moja: mkono wa Johns Hopkins ndani ya Glacier Bay, unaofungwa kwa meli za kitalii kuanzia tarehe 1 Mei hadi 31 Agosti ili sili wazae na kulea watoto wao juu ya vipande vya barafu, hufunguliwa. Katazo hilo ni la haki, na kampuni yoyote inayojigamba kuwasogelea wanyama kupita kiasi haistahili fedha za mtu.

Siku yenyewe, abiria afike sitahani kabla ya meli kufika, akiwa na koti la kuzuia upepo, glavu, kofia na darubini, kwa kuwa hata Julai upepo unaoshuka kutoka kwenye barafu ni mkali. Aukazie macho ukuta wa barafu bila kungoja mlio: sauti huchukua takriban sekunde tatu kusafiri kilomita moja, hivyo anayegeuka baada ya kusikia kishindo hukuta kipande kimekwisha kuanguka.

Hati za kusafiria zishughulikiwe kabla ya malipo yasiyorudishwa. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda huhitaji visa ya Marekani, na pia ya Kanada, hata kama meli itagusa Victoria kwa saa chache tu. Akikosa moja kati ya hizo hukataliwa kupanda. Atazame pia idadi ya safari za kuingia zilizoandikwa kwenye visa, kwani meli inayotoka Seattle na kurudi huko kupitia Kanada humwingiza Marekani upya. Ndugu zetu wenye ukaazi wa kudumu wa Marekani hawahitaji visa ya Kanada, lakini lazima wabebe pasipoti halali pamoja na kadi ya ukaazi. Masharti ya Marekani kwa raia wa nchi mbalimbali za Afrika yamekuwa yakibadilika, hivyo yasomwe kwenye tovuti ya ubalozi wiki ileile ya kulipa, na nauli ichukuliwe ile inayoruhusu kughairi, hata kama ni ghali kidogo.