Somo: Mtu akiumia shingo au mgongo, mshike kichwa kwanza

Jamani shida yetu ni haraka. Kijana alijirusha gatini kichwa mbele na maji yashakupwa, wenzake wakamvuta kwa makwapa mpaka ngazini, kichwa kinaning'inia kama cha kuku. Mie nimebaki napiga kelele, mshikeni kichwaa!

1. Usimwinue, usimkalishe, usimpe maji. Mwambie akujibu kwa mdomo, asitikise kichwa.

2. Piga magoti nyuma ya utosi wake, viwiko vitegemee mapajani, kichwa ukishike kwa mikono miwili na masikio usiyazibe akusikie. Pua ielekee sawa na kitovu, lakini ukimnyoosha akilia maumivu au shingo ikagoma, kiache ulivyokikuta. Ukishashika usiachie mpaka apatikane wa kukupokea, mikono itakufa ganzi, vumilia tu.

3. Mwengine apige 999 au 112.

4. Muulize kama ana ganzi, kama anahisi ukimgusa vidole vya miguu. Angalia kama amejikojolea.

5. Akitapika mgeuzeni ubavu, watu wanne, kichwa, bega, kiuno, miguu. Wa kichwani ndo anahesabu, wote mnageuza pamoja kama gogo.

6. Hapumui? Hapo kupumua kunatangulia shingo. Sukuma taya lije mbele bila kukunja shingo, kandamiza kifua mara 30 halafu pumzi 2, kasi ya 100 mpaka 120 kwa dakika.

MASWALI

Na akiwa bado yuko majini bro?
– Mgeuze chali, mmoja kichwa, maji yenyewe yanambeba, ngojeni ubao wa kumbebea. Ila kama hapumui mtoeni hapo hapo.

Mwalimu huku kwetu ni vichochoro, gari haliingii, tumpandishe punda?
– Punda hapana dada! Ng'oeni mlango mumlaze juu yake mumbebe. Leso mbili zikunjwe ziwekwe huku na huku ya kichwa, chini ya kichwa msiweke mto. Mfungeni mwili kwanza, kichwa mwisho, na mkimvusha kwa boti, nahodha mwambieni aende polepole mawimbi yasimrushe.

Babangu jana kaanguka mnazi, anatembea vizuri lakini shingo yamuuma na mkono wafanya sindano sindano. Mama ashamwita mkandaji.
– Mkandaji asimguse! Mtu anaweza kutembea na pingili ya shingo imevunjika. Mlaze sasa hivi, asigeuze shingo, mtu amshike kichwa, nawe piga simu aende akapigwe picha.

Ashalala. Kakangu ndo kamshika.
– Haya, asiachie.