Taa Ndogo na Indiketa za Gari la Mzee Lililobaki Nakuru

Wanadiaspora wengi kutoka Bonde la Ufa na magharibi mwa Kenya wana gari la mzee lililobaki nyumbani, iwe ni Peugeot 404 iliyofunikwa turubai Nakuru, Volkswagen Beetle iliyo chini ya mwembe Kisumu au Land Rover ya shambani kule Kitale. Pesa za kulifufua zinapoanza kutumwa, huenda kwanza kwenye injini, kisha kwenye rangi, na taa hukumbukwa siku gari linapotakiwa kupelekwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, kukaguliwa. Naomba mpangilio huo ubadilishwe. Barabara ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret hupita Salgaa, mahali ambapo malori yenye mizigo mizito huteremka, kisha hupanda hadi Mau Summit na Timboroa, kwenye ukungu na mvua. Dereva wa lori aliye nyuma yako hapo ana muda mfupi sana wa kutambua kama unafunga breki au unakata kona.

Magari mengi yaliyoundwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 hayakumsaidia dereva huyo. Mbele, taa moja nyeupe ilibeba balbu ya nyuzi mbili, uzi mdogo ukiwa taa ndogo na uzi mkubwa ukiwa indiketa. Nyuma, uzi uleule wa breki ndio uliomweka kwa rangi nyekundu mtu alipokata kona, na magari ya Marekani yaliendelea na mtindo huo kwa miongo mingi. Morris Minor za kabla ya mwaka wa 1961 hazikuwa hata na taa ya kumweka, bali kikono kidogo kilichochomoza kwenye nguzo ya mlango. Kazi tunayoizungumzia, basi, ni kuzitenganisha taa hizi: taa ndogo ya mbele ibaki nyeupe, breki ibaki nyekundu, na indiketa zote nne ziwe za rangi ya chungwa zikiwa na nyaya zake zenyewe.

Kabla ya kununua chochote huko uliko, mwombe fundi akupigie picha za betri, za waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi, na za kila balbu ikiwa nje ya holda yake. Picha hizo zitakuonyesha mambo mawili ambayo ukiyakosea utatuma spea zisizofaa. La kwanza ni volti: Beetle nyingi za kabla ya mwaka wa 1967 ni za volti 6, na balbu ya volti 12 ikiwekwa humo itawaka kwa unyonge. La pili ni upande wa betri uliofungwa kwenye bodi, kwa kuwa magari kadhaa ya Uingereza ya wakati huo, Land Rover za Series II zikiwamo, yalifungwa upande chanya. Balbu ya kawaida ya uzi haijali jambo hilo, lakini balbu za LED na relei za kielektroniki hujali sana.

Kazi yenyewe ianzie kwenye arthi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi. Taa nyingi za zamani hurudisha umeme kupitia chuma cha holda hadi kwenye bodi, na baada ya miaka mingi ya unyevu wa ziwani Kisumu au vumbi la Nakuru, sehemu hizo huwa zimeshika kutu. Dalili yake ni rahisi kuitambua: unawasha indiketa na taa ndogo inafifia na kuongezeka kwa mpigo uleule, kwa sababu umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia balbu ya jirani. Fundi apime volti kwenye betri, kisha apime kwenye holda taa ikiwa inawaka. Tofauti ikizidi nusu volti, asiendelee na jambo lingine. Volti zikipungua kwa asilimia 10 tu, mwanga wa balbu ya uzi hupungua kwa karibu asilimia 30, na ndiyo maana watu wengi huagiza balbu kali zaidi ilhali tatizo lao ni kutu. Mwambie achune chuma hadi king'ae na avute waya mpya wa arthi kutoka kila holda hadi kwenye bodi. Ni waya wa bei ndogo, na mara nyingi ndio unaoleta mabadiliko makubwa kuliko yote.

Kwa upande wa mbele, njia ninayoipendelea ni kuihamisha taa ndogo iingie ndani ya taa kubwa. Kuna taa kubwa za duara za inchi 7 zenye tundu dogo la balbu ya wati 4, aina ya T4W, ambazo hupatikana kwa urahisi Uingereza na nchi nyingine za Ulaya. Taa ya zamani iliyo chini yake sasa huwa indiketa peke yake, na sura ya gari haibadiliki. Kioo chake kikiwa cha rangi ya chungwa, weka P21W, yaani balbu ya wati 21 yenye uzi mmoja. Kikiwa cheupe, tumia PY21W iliyopakwa rangi, lakini kumbuka kwamba pini zake hazikukabiliana sawasawa kama za P21W, hivyo haiingii kwenye holda ileile. Nunua na holda yake.

Nyuma, waya wa breki lazima uondolewe kwenye swichi ya indiketa na uende moja kwa moja hadi kwenye taa za breki, kisha indiketa ivutiwe waya wake. Ikiwa hakuna nafasi ndani ya taa ya zamani, taa ndogo ya chungwa hufungwa chini ya bampa kwa kibano. Tafadhali usikubali bodi itobolewe, kwani tundu hukaribisha kutu na hupunguza thamani ya gari.

Sasa niseme juu ya LED, maana ndizo zinazojaza masanduku yetu ya safari. Flasha ya zamani, yaani kifaa kinachofanya indiketa zimweke, hufanya kazi kwa joto: umeme wa balbu mbili za wati 21, takriban ampea 3.5 kwenye volti 12, hupasha moto kipande cha chuma kinachopinda na kukata mkondo, kisha hupoa na kuurudisha. Balbu ya LED hutumia wati chache tu, hivyo flasha hukaa bila kumweka au humweka ovyo, ilhali kasi inayotakiwa ni kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Suluhisho zuri ni flasha ya kielektroniki isiyotegemea mzigo, ambayo mara nyingi huwa na pini ya tatu ya arthi. Rezista, yaani kipande kinachokula umeme ili kuiga mzigo wa balbu ya uzi, ikifungwa sambamba na balbu hufanya kazi pia, lakini huchoma vibaya na haifai kuachwa karibu na plastiki au nyaya. Jambo lingine huwashangaza mafundi wengi: magari mengi yenye taa moja tu ya indiketa kwenye dashibodi huifunga taa hiyo kati ya upande wa kushoto na wa kulia, na ukiweka LED, pande zote mbili huanza kumweka kwa pamoja. Dayodi mbili aina ya 1N4007, ambazo hupitisha umeme kwa mwelekeo mmoja tu, moja kutoka kila upande, na arthi mpya kwa taa hiyo, humaliza tatizo.

Rangi ya LED ifanane na kioo, nyekundu kwa nyekundu na chungwa kwa chungwa. Kwa taa za nyuma, mimi hubaki na balbu za uzi, kwa sababu LED nyingi za bei rahisi hazitofautishi vya kutosha mwanga wa taa ndogo na wa breki, na tofauti hiyo ndiyo inayomwonya aliye nyuma.

Aliye na gari la zamani huko Uingereza ajue kwamba, kwa gari lililoanza kutumika kabla ya tarehe 1 Septemba 1965, indiketa nyeupe mbele na nyekundu nyuma bado zinakubalika. Kwa magari ya baadaye ni chungwa tu.

Malipo ya fundi yagawanywe: sehemu arthi zinapokamilika, nyingine nyaya zinapovutwa, na iliyobaki baada ya majaribio. Majaribio yafanyike kwa simu ya video, ndugu yako akiwa amesimama hatua 20 nyuma ya gari, mara moja mchana jua likiwa kali na mara nyingine giza likiingia. Washa taa ndogo, ongeza breki, ongeza indiketa ya kushoto, kisha ya kulia, zote zikiwa zinafanya kazi kwa pamoja, injini ikiwa imezimwa na baadaye ikiwa inanguruma. Fundi achore ramani ya nyaya alizoongeza, akitaja rangi ya kila waya na mahali fyuzi ilipo, naye ndugu yako akutumie picha yake kabla ya malipo ya mwisho kutoka.