Kutafuta dada wa kumlea mtoto Dar: umuulize nini, umwangalie nini

Wengi dada tunampata kwa kukurupuka, likizo ya uzazi inaisha Jumapili, dalali anakupigia kuna binti anashuka Mbezi kesho tuma nauli, na wewe unatuma. Jamani huyu ndo utamwachia mwanao toka alfajiri unapowahi mwendokasi mpaka usiku foleni ikuachie, anza kutafuta hata mwezi kabla.

Umri kwanza. Sheria ya ajira ya 2004 inakataza kuajiri mtoto wa chini ya miaka 14, ila mi nasema hata wa 16 muache, huyo mwenyewe bado anahitaji kulelewa. Kitambulisho cha NIDA, kama hana basi barua ya serikali ya mtaa au ya kijijini kwao, na namba ya mzazi uipige mwenyewe. Bosi wake wa zamani muulize kitu kimoja tu, "ungemrudisha?", halafu nyamaza usikilize, akianza kusitasita ushapata jibu.

Kwenye maongezi usimuulize kama anapenda watoto, nani atasema hapendi? Mpe mambo yanayotokea kweli. Mtoto wa miezi minne analia na maziwa kashanyonya, utampa nini? Akisema maji au uji mweleweshe taratibu kwamba mpaka miezi sita ni maziwa ya mama tu, hilo linafundishika. Mtoto kachemka mwili saa saba mchana nami sipatikani, utafanyaje? Mtoto hataki kulala na wewe una nguo za kufua? Hapa kaa makini, maana wapo wanaompa mtoto Piriton, dawa ya mzio, ili alale, na anayeliongelea hilo kama kitu cha kawaida usimchukue hata awe mchapakazi vipi.

Halafu, kama mtoto kashapita miezi sita, mkabidhi huyo dada mtoto na bakuli la uji, we jifanye unapanga vyombo. Kanawa mikono kabla ya kushika kijiko? Kaonja joto? Anasubiri mtoto ameze au anamsindilia tu? Kukiwa na ndoo ya maji sakafuni na mtoto anatambaa, anaisogeza au anaipita? Mtoto mdogo anazama hata kwenye maji kidogo, kwa hiyo hiyo ndoo mi naipa uzito kuliko maneno yote aliyoongea.

Na wewe sema yako waziwazi, bora muandikiane: mshahara na tarehe yake, kazi zipi zake na zipi sio zake, siku ya kupumzika kila wiki, likizo ya mwaka ambayo kisheria ni siku 28. Ukimrundikia mtoto, kufua, kupika na genge la mlangoni juu, mtoto ndo atakosa wa kumwangalia.

Wiki ya kwanza shinda naye nyumbani, ya pili toka kidogo urudi bila kumwambia. Ukiwa na wawili hujui umchague yupi, chukua aliyekuuliza mtoto anabembelezwaje na chakula gani kinamdhuru.